Franklin Roosevelt na Wenzake wa Warm Springs

Safari hii tumechagua kusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa katika masomo ya historia kwa sababu ya siasa na vita. Sisi twamleta kwenu kwa sababu ya miguu yake. Mtu huyo ni Franklin Delano Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1933 hata alipofariki mwaka 1945. Miaka yote hiyo hakuweza kusimama pasipo kushikwa au kufungwa vyuma.

Sababu ya kumchagua iko karibu nasi. Hapa Vigwaza, na katika vijiji vilivyo kando ya barabara kuu ya Morogoro, wako watu waliougua polio utotoni wakapona wakiwa na mguu mmoja au miwili iliyolemaa. Mpango wa chanjo kwa watoto ulianza katika nchi yetu mwaka 1975, na mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili alionekana mwaka 1996. Basi wengi wa waliolemazwa na ugonjwa huo sasa ni watu wazima sana, wenye miaka hamsini, sitini, hata sabini. Walijifunza kutembea kwa fimbo, kwa magongo, au kwa mkono juu ya goti. Walilima, wakashona, wakalea watoto. Sasa baadhi yao waona kwamba nguvu walizozizoea zawatoka tena, nao hawajui kwa nini. Maisha ya Bwana Roosevelt yana la kuwaambia, na hata la kuwaonya.

Alizaliwa tarehe 30 Januari 1882 mahali paitwapo Hyde Park, kando ya mto Hudson katika jimbo la New York. Alikuwa mtoto pekee wa mama yake, na nyumba yao ilikuwa ya watu wenye mali. Alisoma katika shule ya bweni ya Groton, iliyoongozwa na padre Endicott Peabody, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Harvard. Alilelewa katika Kanisa la Episcopal, ambalo ni ndugu wa kanisa letu la Kianglikana, na kwa miaka mingi alikuwa katika baraza la parokia yake ya Mtakatifu Yakobo kule Hyde Park.

Mwaka 1905 alimwoa Eleanor, msichana wa ukoo wao wa mbali. Padre Peabody ndiye aliyefungisha ndoa, na aliyemtoa bibi arusi alikuwa baba yake mkubwa, Theodore Roosevelt, rais wa wakati huo. Wasomaji wasiwachanganye hao wawili. Theodore ndiye aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda wanyama katika Afrika ya Mashariki. Franklin ni huyu wetu.

Alipanda haraka. Mwaka 1910 alichaguliwa kuingia Seneti ya jimbo la New York, mwaka 1913 akapewa cheo kikubwa katika wizara ya Jeshi la Wanamaji, na mwaka 1920 chama chake kilimsimamisha agombee umakamu wa rais. Alishindwa, lakini watu walimwona kuwa kijana mrefu, mwenye afya na sura ya kupendeza, ambaye siku zake zilikuwa bado mbele.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mwezi wa Agosti mwaka 1921 Roosevelt alikuwa na jamaa yake katika kisiwa cha Campobello, upande wa Kanada. Tarehe 10 alishinda siku nzima katika mashua, akasaidia kuzima moto wa msituni, akaogelea, kisha akakaa na nguo mbichi akisoma barua. Jioni alishikwa na baridi ya mwili. Siku iliyofuata mguu mmoja ulilegea, kisha wa pili, na muda si muda hakuweza kusimama. Alikuwa na miaka 39.

Daktari wa kwanza alidhani ni mafua. Wa pili alisema ni damu iliyoganda, akaagiza akandwe miguu. Kwa majuma mawili mkewe Eleanor na rafiki yake Louis Howe walimkanda, naye akipata maumivu makali. Ndipo alipofika daktari Robert Lovett, mjuzi wa maradhi hayo, akatambua kuwa ni polio. Mwaka 2003 madaktari kadhaa waliandika kwamba dalili zake zafanana zaidi na ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu, na wengine wakawapinga. Ubishi huo haubadili habari yetu, maana Roosevelt mwenyewe aliishi na kufanya kazi kama mtu wa polio, na wenzake wa polio walimpokea kama mmoja wao.

Polio ni kirusi kinachoingia kwa kinywa, aghalabu kwa maji, chakula au mikono iliyoguswa na kinyesi. Wengi wanaokipata hawalemai. Yumkini mmoja katika watu 200 ndiye apoozaye. Kwa huyo mmoja, kirusi huharibu seli za fahamu katika uti wa mgongo, zile zinazoamuru misuli. Msuli usiopata amri hunyauka.

Mama yake alitaka arudi Hyde Park akae kimya kama bwana mgonjwa mwenye mali. Eleanor na Howe walikataa. Waliona kwamba akikaa bure atakufa kabla ya kufa. Basi alianza kujifunza upya. Alifungwa vyuma tangu nyongani hadi visiginoni, vikakazwa magotini ili miguu isikunjike. Alijivuta kwa magongo katika njia ya nyumbani kwake, siku baada ya siku, akinuia kufika langoni. Mwaka 1924, katika mkutano mkuu wa chama chake mjini New York, alikwenda kwenye meza ya msemaji kwa magongo, huku mwanawe James akimsaidia. Zilikuwa hatua chache tu, na mikono yake ilitetemeka, lakini umati ulimshangilia.

Mwaka huo huo alisikia habari za kijiji kiitwacho Warm Springs, katika jimbo la Georgia. Palikuwa na chemchemi ya maji ya uvuguvugu, yenye joto la nyuzi 31 hivi, na chumvichumvi zilizomwezesha mtu kuelea kwa urahisi. Kijana mmoja aliyeugua polio alikuwa ameogelea hapo akapata nafuu. Roosevelt alikwenda, akaingia majini, na kwa mara ya kwanza tangu augue alihisi miguu yake ikisogea. Maji hayakuponya fahamu zilizokufa. Yalibeba uzito wa mwili, na misuli iliyobaki ikaweza kufanya kazi kidogo.

Mwandishi wa gazeti aliieleza ziara hiyo, na habari ikachapwa katika magazeti mengi ya nchi. Mwaka 1925 wagonjwa wa polio walianza kufika Warm Springs bila kualikwa. Wengine walishushwa kutoka garimoshi wakiwa wamebebwa. Hapakuwa na daktari, wala vitanda vya kutosha, wala mpango. Wageni wengine wa hoteli walichukizwa, wakiogopa kuambukizwa, hawakutaka kula chumba kimoja na watu hao wala kuoga nao.

Hapo ndipo moyo wa Roosevelt ulipoonekana. Aliingia nao majini, akawaonyesha jinsi ya kunyoosha mguu, jinsi ya kupumzisha msuli, jinsi ya kuhesabu maendeleo madogo. Wao wakamwita daktari, kwa mzaha na kwa heshima. Mwaka 1926 aliinunua sehemu ile kwa takriban dola 200,000, yapata theluthi mbili za mali yake yote, ingawa mkewe na rafiki zake waliingiwa na hofu. Mwaka 1927 aliigeuza kuwa shirika lisilotafuta faida, akaleta daktari na watu waliosomea kunyoosha viungo.

Yatupasa kuangalia vizuri Warm Springs ilikuwa mahali pa namna gani. Ilikuwa hospitali, lakini pia ilikuwa kijiji cha watu wa aina moja. Mtu aliyekuwa amefichwa nyumbani kwa miaka alifika pale akakuta kila mtu ana vyuma au kiti cha magurudumu. Hakuna aliyemkodolea macho. Walicheza karata, waliigiza michezo, walitaniana juu ya miguu yao, walipendana na wengine wakaoana. Katika sikukuu ya kushukuru, inayofanyika kila Novemba kule Marekani, Roosevelt alikata nyama mezani naye akala pamoja nao. Wazee wetu walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Pale wote walikuwa wameijua, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuelezana sana.

Alikuwa na motokaa iliyotengenezwa ili aendeshe kwa mikono peke yake. Aliizungusha katika vijiji vya Georgia, akasimama kuongea na wakulima wa pamba waliokuwa maskini kabisa. Aliona nyumba zisizo na taa, na yeye mwenyewe alishangaa jinsi umeme ulivyokuwa ghali katika nyumba yake ndogo ya pale. Alipokuwa rais alianzisha, mwaka 1935, shirika la kupeleka umeme vijijini, naye alisimulia baadaye kwamba wazo hilo lilizaliwa Warm Springs. Mwaka huo huo alitia sahihi sheria ya akiba ya uzeeni. Mtoto wa tajiri alijifunza shida za watu akiwa hawezi kutembea.

Lakini, ndugu wasomaji, hatutaki kumpamba kupita kiasi. Warm Springs haikupokea wagonjwa Weusi. Watu Weusi walipika, walifua, walisukuma viti, lakini mtoto wao akiugua polio hakupewa kitanda. Lawama zilipozidi, kituo kingine kwa ajili yao kilifunguliwa mwaka 1941 huko Tuskegee, Alabama. Ilikuwa heri kuliko kukosa kabisa, lakini bado ulikuwa ubaguzi. Tena mwaka 1942, wakati wa vita, yeye ndiye aliyetia sahihi amri iliyowafanya raia wenye asili ya Japani wahamishwe makwao na kufungiwa kambini. Aliyejua uchungu wa kutengwa hakuuona kila mara kwa wengine.

Liko na jambo la pili. Pale Warm Springs alionyesha miguu yake bila haya, lakini mbele ya taifa aliificha. Alichaguliwa gavana wa New York mwaka 1928, na rais mara nne, mwaka 1932, 1936, 1940 na 1944. Alipohutubia, vyuma vilipakwa rangi nyeusi visionekane, na alishika mkono wa mwanawe au wa mlinzi ili ionekane kana kwamba anatembea. Wapiga picha walizuiwa kumpiga akibebwa. Watu walijua kwamba aliwahi kuugua, lakini wengi hawakujua kwamba hawezi kabisa kutembea peke yake. Twaweza kumwelewa. Siku zile mtu mwenye kilema alidhaniwa kuwa na kilema hata cha akili, na pengine asingechaguliwa. Hata hivyo kuficha kuna gharama yake. Mtu ajifichaye hutumia nguvu nyingi kuonekana mzima kuliko zile anazotumia kufanya kazi yenyewe.

Tarehe 1 Machi 1945, aliporudi kutoka mkutano wa Yalta, alilihutubia Bunge akiwa ameketi. Aliomba radhi kwa kuketi, akaeleza wazi kwamba ni nafuu kwake kutobeba uzito wa chuma miguuni. Ni nadra sana kwake kulitaja jambo hilo hadharani. Mwishoni mwa mwezi huo alikwenda Warm Springs kupumzika, na tarehe 12 Aprili alifariki huko kwa damu iliyovuja ubongoni. Alikuwa na miaka 63. Vita vya Ulaya vilikwisha majuma machache baadaye.

Kazi yake juu ya polio haikufa naye. Tangu mwaka 1934 watu wa miji mingi walifanya dansi siku ya kuzaliwa kwake ili kukusanya fedha. Mwaka 1938 alianzisha shirika la taifa la kupigana na polio, akalikabidhi kwa rafiki yake Basil O'Connor. Wananchi waliombwa kumpelekea rais senti kumi kumi. Barua zilimiminika Ikulu mpaka karani wakashindwa kuzihesabu, na sarafu zilizopatikana zilipita milioni mbili na nusu. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha za namna hiyo ndizo zilizolipia utafiti wa daktari Jonas Salk. Mwaka 1952 Marekani ilikuwa na wagonjwa wapatao 58,000 wa polio. Mwaka 1954 watoto wapatao milioni 1.8 walishiriki katika majaribio ya chanjo, na tarehe 12 Aprili 1955, miaka kumi kamili tangu Roosevelt afariki, ilitangazwa kwamba chanjo yafaa. Kufika mwaka 1961 wagonjwa wa mwaka walikuwa chini ya 1,500. Baadaye chanjo ya matone ya daktari Albert Sabin ilifika hata kwetu, na tarehe 25 Agosti 2020 bara letu lilitangazwa kuwa halina tena polio ya asili. Tahadhari haijaisha. Mwaka 2022 kirusi kilionekana tena Malawi na Msumbiji, na watoto wa Tanzania wakapewa matone nyumba kwa nyumba.

Sasa tuingie katika lile onyo tulilolitaja. Watu wa zama za Roosevelt walifundishwa kujikaza. Mgonjwa mwema alikuwa yule aliyefanya mazoezi mpaka jasho, akatupa magongo, akakataa kusaidiwa. Miaka ikapita. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980, watu waliopona polio miaka ishirini, thelathini au arobaini nyuma walianza kulalamika. Walichoka kuliko kawaida, misuli na viungo viliwauma, baridi iliwaumiza, na nguvu zilipungua hata katika mkono au mguu waliodhani kuwa mzima. Wengine walipata shida ya kumeza au kupumua usiku. Madaktari wengi waliwaambia ni uzee au ni mawazo tu, ingawa hali hiyo iliwahi kuandikwa Ufaransa tangu mwaka 1875.

Hawakukubali kunyamaza. Mama mmoja wa Marekani, Gini Laurie, ambaye ndugu zake waliuawa na polio, alikuwa akihariri jarida la waliopona ugonjwa huo tangu mwaka 1958. Kwa njia yake watu waliandikiana, wakagundua kwamba wanaeleza jambo moja. Mwaka 1981 aliitisha mkutano Chicago wa wagonjwa na madaktari pamoja, na mwaka 1984 wataalamu walikutana Warm Springs penyewe. Vikundi vya kusaidiana vikaota katika miji na nchi nyingi. Elimu hiyo ilianzia katika barua na mazungumzo ya wagonjwa, kisha madaktari wakaithibitisha.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya. Polio inapoua seli za fahamu, zile zinazobaki hutoa matawi mapya na kuamuru pia misuli iliyoachwa yatima. Ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu. Lakini seli moja yafanya kazi ya seli kadhaa kwa miaka mingi, kama ng'ombe mmoja avutaye jembe la wawili. Mwishowe matawi hayo huanza kukatika. Si kirusi kilichorudi, wala haiambukizi mtu, wala si uchawi au laana. Haina dawa ya kuiondoa, lakini yaweza kupunguzwa: kugawa kazi ya siku, kupumzika kabla ya kuchoka kabisa, kufanya mazoezi mepesi yasiyoleta maumivu, kuzuia mwili usinenepe, na kukubali fimbo au baiskeli ya magurudumu matatu bila kuona haya. Tena ukienda hospitali, na hasa kama watakupasua, mwambie daktari mapema kwamba uliugua polio, kwa kuwa miili ya namna hiyo huweza kuathirika zaidi na dawa za usingizi.

Hapa ndipo wosia wa Roosevelt unapogawanyika. Kujikaza kwake kulimfikisha Ikulu, nasi twamheshimu. Lakini kwa mtu aliyeishi miaka hamsini na mguu wa polio, kujikaza peke yake kwaweza kuwa kumaliza akiba iliyobaki. Afadhali amfuate yule Roosevelt wa Warm Springs, aliyekaa majini na wenzake.

Hatuna chemchemi ya maji ya moto hapa Vigwaza, wala dola 200,000. Tunao mwembe wa kukaa chini yake na watu wenye habari za kusimuliana. Watano au sita wakikutana mara moja kwa mwezi, mmoja atajua fundi wa kuchomelea baiskeli, mwingine atajua siku ya daktari wa viungo, wa tatu atasema mguu wake wauma usiku, na wa nne atajibu kwamba na wake pia. Vijana wenye pikipiki wanaweza kuwaleta na kuwarudisha, na jamaa wakaacha kumwita mvivu mtu anayeomba kupumzika adhuhuri. Msomaji anayemjua mmoja wao na ampelekee habari hii, na kama hasomi, amsomee.